Sindano, Chuku na Ngozi ya Punda

Dereva wa trela atokaye bandarini Mombasa, akiisha kufika Mtito Andei na kuliegesha gari lake katika ule msururu mrefu wa malori ulio kando ya barabara, jambo la kwanza alifanyalo si kuagiza chai wala kuuliza bei ya nyama choma, bali ni kusimama penye kivuli cha magurudumu, akatia mikono miwili kiunoni, akajipinda kwa nyuma polepole mpaka mifupa ikalia. Nimewatazama watu hawa kwa miaka mingi, kwa kuwa nimefundisha na kustaafu katika nchi hii ya Ukambani, na safari zangu za pwani na za bara aghalabu hukatika hapa. Nami nimekwisha kuamini kwamba mji huu, ambao Wakamba waliuita msitu wa tumbusi kwa ajili ya ndege wale walao mizoga, ungefaa leo kuitwa mji wa migongo. Upo nusu ya njia, au karibu yake, baina ya Mombasa na Nairobi. Mtu huingia hapa amechoka, na aliyechoka humsadiki upesi yeyote amwahidiye raha.

Hilo kijana mmoja, mchuuzi mwenye sanduku la dawa, analijua vyema.

"Mzee, hii ni dawa ya Kichina," aliniambia mwezi uliopita, akanitia mkononi kichupa cheusi chenye karatasi nyekundu iliyojaa maandishi ambayo, toka Kibwezi hata Manyani, sidhani kama yuko awezaye kuyasoma. Nikamwuliza huponya nini. Akaanza kuhesabu kwa vidole: mgongo, magoti, presha, sukari, vidonda vya tumbo, usingizi usiokuja, na alipofika kidole cha mwisho akanisogelea sikioni, akanong'ona lile jambo ambalo wanaume wa umri wangu hunong'onezwa. Nikamwuliza ndani mna nini.

"Ni mitishamba tu, mzee. Na Mchina hakosei. Hii reli hapa si yeye aliyeijenga?"

Akanyoosha mkono kuelekea kituo. Sikuwa na jibu la papo kwa papo, na hoja ile ilinifuata hata nyumbani. Ni kweli kwamba reli imejengwa, na China Road and Bridge Corporation ndiyo kampuni iliyoijenga, na tangu Juni mwaka 2017 abiria wanaipanda. Na mtu aliyeona kwa macho yake vilima vikikatwa na madaraja yakiinuliwa juu ya nyika ya Tsavo ili ndovu wapite chini, ana haki ya kumstahi fundi. Walakini ufundi wa madaraja si ithibati ya dawa ya mgongo. Mwingereza naye alipitisha reli yake hapa hapa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na katika kambi zake homa iliwalaza mabwana na vibarua pamoja, asiwe na la kuwafaa ila kwinini na dua.

Lugha yetu ina neno moja ambalo nimelifikiri sana tangu siku ile. Chuku ni pembe ambayo mwumishi humbandikia mgonjwa penye chale, akaivuta hewa kwa kinywa chake na kuliziba tundu kwa nta, ili damu iliyovia ipate kutoka. Na kupiga chuku, kama ajuavyo kila mtu, ni kuyakuza maneno hata habari ya panya ikawa habari ya ndovu. Aliyeyafunga mambo haya mawili katika neno moja hakutuachia jina lake, lakini bila shaka alikuwa amewahi kuumikwa, tena akasikiliza mwumishi alivyojisifu. Wachina nao huumika, ila wao hutumia vikombe vya kioo vilivyopitishwa moto. Waarabu huita hijama, na vijana wa Mombasa na Unguja wameirudia siku hizi kwa bidii kubwa. Basi dai langu katika makala haya ni hili tu: katika tiba ya Kichina mna chuku za namna zote mbili, ile ya tabibu na ile ya mwongo, na asiyejishughulisha kuzitenga, ama kwa kuikumbatia tiba yote au kwa kuitemea mate yote, hatimaye huumia yeye au humwumiza jirani yake.

Mimi mwenyewe nimedungwa. Miaka kadhaa iliyopita mgongo wangu ulinigeuka, nikawa sifungi kamba za viatu ila kwa kusaidiwa, na vidonge nilivyopewa hospitalini vilikuwa vimeanza kunichoma tumbo. Ndipo ndugu yangu mmoja wa Mombasa akanichukua kwa tabibu wa Kichina, mama wa makamo, ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa maneno manne: ulimi, lala, pole, bado. Aliutazama ulimi wangu kama mnunuzi atazamavyo kitambaa. Kisha akaweka vidole vitatu juu ya mshipa wa mkono wangu wa kulia, halafu wa kushoto, akanyamaza kitambo kirefu hata nikadhani amelala. Sindano zenyewe zilikuwa nyembamba mno, unywele na kitu kidogo, na kila moja aliichana mbele ya macho yangu kutoka katika karatasi yake iliyofungwa. Nilikaza meno nikingoja uchungu, wala haukuja. Lililokuja ni uzito, kama ganzi yenye joto itambaayo, ikanishuka nyuma ya goti hata kisigino. Nilipoguna alitikisa kichwa kwa kuridhika, kwa sababu Wachina wana jina la hisia hiyo, huiita deqi, na kwa itikadi yao sindano isiyoileta haijafika ilikotumwa. Nililala dakika ishirini nikilitazama pangaboi likizunguka. Nilirudi mara sita, na baada ya mara ya nne nikajifunga viatu mwenyewe.

Je, niliponywa na sindano? Hapa ndipo penye shughuli.

Mama yule, kama ningaliweza kuzungumza naye, angalinieleza kwamba mwilini hupita nguvu iitwayo qi, katika mikondo isiyoonekana, na kwamba juu ya mikondo hiyo ziko nukta 361 ambazo mwenye elimu huzichoma ili palipozibika pazibuke. Na angalitaja kitabu cha Huangdi Neijing, ambacho misingi yake ni ya miaka 2,000 na zaidi. Ni elimu yenye haiba, na mtu aliyelelewa katika maneno ya tiba ya Kiyunani, ya damu na balghamu na safura, hawezi kuicheka bila ya kuwacheka babu zake. Lakini waliopasua miili na kuichunguza hawajaiona mikondo hiyo. Wajerumani, watu wasiopenda mambo ya kukisia, waliwachukua wagonjwa 1,162 wa maumivu sugu ya mgongo, wakawagawa mafungu matatu kwa bahati nasibu, na mwaka 2007 wakatoa hesabu yao. Fungu la kwanza walidungwa katika nukta za Kichina. Fungu la pili walidungwa juu juu, mahali pasipo nukta yoyote. Fungu la tatu wakapewa dawa za kawaida pamoja na mazoezi ya viungo. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu katika fungu la kwanza walikuwa asilimia 47.6, katika la pili asilimia 44.2, na katika la tatu asilimia 27.4.

Msomaji na azitazame tena hesabu hizo, maana kila upande umezisoma nusu. Mpenzi wa sindano husema, waona, tumewashinda wa vidonge karibu mara mbili. Na ni kweli. Mpinzani husema, waona, aliyedungwa popote amepata nafuu karibu sawa na aliyedungwa penye nukta, kwa hiyo ile ramani ya mikondo ni hadithi. Na hilo nalo ni kweli, au karibu nalo. Yamkini sindano huamsha mishipa ya fahamu ikatoa dawa zake yenyewe za kutuliza maumivu; yamkini nusu ya tiba ni kulala kimya dakika ishirini, mtu akakushika mkono bila haraka, jambo ambalo katika zahanati zetu zenye foleni halina nafasi. Waingereza, kwa baraza lao la miongozo ya tiba, NICE, walisema mwaka 2009 kwamba sindano zitumike kwa maumivu ya kiuno, mwaka 2016 wakaliondoa neno lao, na mwaka 2021 wakazirudisha kwa maumivu sugu yasiyo na chanzo kilicho wazi. Sioni aibu katika kugeuka huko. Aibu ni ya yule ambaye hajabadili rai yake hata mara moja kwa sababu hajapima lolote.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba mwenye maumivu ya mgongo, ya shingo, ya goti au ya kichwa yasiyokoma, akiwa na fedha zake na akiona sindano mpya ikichanwa mbele yake, na aende akadungwe bila ya kuona haya. Na kwamba atakayemwambia mgonjwa wa sukari aache insulini yake aje kwenye sindano, huyo si tabibu. Tena niongeze, kwa kuwa nimeona watu wakilipuuza: sindano iliyomchoma mtu mmoja ikamrudia mwingine hubeba homa ya ini na virusi vya Ukimwi kama ibebavyo sindano nyingine yoyote, na ikizama kifuani mkononi mwa asiyejua yaweza kulitoboa pafu.

Wala tusidhani kwamba Wachina wenyewe walikuwa wa kauli moja tangu azali. Mwaka 1822 mfalme wao Daoguang aliifukuza tiba ya sindano kutoka katika idara ya matabibu wake. Mwaka 1929 serikali ya wakati ule ilikaribia kuipiga marufuku tiba ya jadi yote, hata matabibu wa Shanghai wakafunga maduka kwa ghadhabu. Na ni Mao aliyeiinua tena, akiwa na mamilioni ya wagonjwa na madaktari wachache. Kwetu Afrika Mashariki ilifika pamoja na madaktari wa serikali yao, waliokuja Zanzibar tangu 1964 na Tanzania Bara tangu 1968, wapasuaji na wakunga na wenye sindano katika kundi moja. Na tangu 1987 wataalamu wao walishirikiana na hospitali ya Muhimbili kuwajaribia wagonjwa wa Ukimwi mitishamba ya Kichina, wakati ambapo hapakuwa na kitu kingine cha kuwapa. Maduka ya watu binafsi yalifuata baadaye, na baada ya maduka, masanduku.

Lakini nikiulizwa ni dawa ipi ya Kichina iliyowafaa watoto wa Makueni na Kitui, sitataja sindano. Nitataja kidonge cha manjano.

Kila mzazi wa huku anakijua. Mvua za Novemba zinyeshapo, madimbwi yakajaa kando ya reli na mbu wakazaliwa, mtoto aliyelala mzima huamka ana moto na kutetemeka, naye hupelekwa zahanati, akapimwa damu kidoleni, akapewa vile vidonge vya siku tatu vya artemetha na lumefantrini, ambavyo Kenya iliamua mwaka 2004 viwe dawa ya kwanza ya malaria. Wachache wanajua vilikotoka. Vita vya Vietnam vilipokuwa vikali, na malaria ikiua askari msituni kama risasi, serikali ya China ilianzisha tarehe 23 Mei, 1967 mradi wa siri ulioitwa, kwa tarehe hiyo, Mradi 523. Na mwanamke mmoja, Tu Youyou, akapewa kazi ya kupekua vitabu vya kale. Alipekua maagizo kwa mamia, na mimea mingi aliyoijaribu haikuleta kitu. Mmea wa qinghao, ambao wataalamu huuita Artemisia annua, ulionyesha nguvu leo na kesho usionyeshe. Ndipo aliporudia maneno ya tabibu Ge Hong wa karne ya nne, aliyeagiza kwamba konzi ya majani ilowekwe katika maji, ikamuliwe, na maji hayo yanywewe; akagutuka. Ge Hong hakusema ichemshwe. Wote walikuwa wakichemsha, na moto ndio uliokuwa ukiiua dawa! Akaikamua kwa etha isiyohitaji joto kali, na mwaka 1971 mkamuo wa 191 ukawaondolea panya na nyani vimelea vyote. Mwaka uliofuata, yeye na wenzake wakaunywa wao kwanza kabla ya kumpa mgonjwa. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Mmea huo umelimwa hata mashambani kwetu, na kiwanda cha kuukamua kimejengwa Athi River, safari ya saa chache kutoka hapa.

Nimelisimulia jambo hili kwa urefu kwa sababu ndilo linaloamua ugomvi. Tu Youyou hakukidharau kitabu cha kale, wala hakukisujudia. Alikichukua kama shahidi, akamhoji, akaona katika maneno yake mengi neno moja lililo kweli, akalitenga, akalipima, akakitaja kipimo chake kwa miligramu. Ikiisha kufanyiwa hivyo dawa haina kabila tena. Muuguzi wa Kambu hampi mtoto dawa ya Kichina, humpa dawa. Na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wasinywe majani yenyewe kama chai kwa kutibu malaria, kwa kuwa ndani ya kikombe hakuna ajuaye kiasi, na kiasi kidogo humfundisha mdudu kuizoea dawa.

Kinyume chake nacho kipo, nacho ni cha kuogofya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake kadhaa wa Brussels walipewa vidonge vya mitishamba ya Kichina ili wapunguze unene, na ndani yake mti mmoja ulikuwa umekosewa ukatiwa mwingine wa jamii ya Aristolochia. Figo zao zikafa, na baadaye wengine wakapata saratani ya njia ya mkojo. Mti ni mti, watu husema, hauna madhara. Mbona basi sumu ya mshale, ambayo Wakamba walisifika kwayo nchi nzima, hupikwa kwa mti?

Hapo ndipo ninapomrudia kijana mwenye sanduku. Simlaumu sana, anatafuta riziki, naye anaamini nusu ya ayasemayo. Mwaka 2011 watu wazima wenye elimu walitoka hapa kwetu na nchi jirani, wakapanga magari kwa kilomita nyingi huko Samunge, Loliondo, wapate kikombe cha shilingi 500 za Tanzania cha mchungaji Ambilikile Mwasapile, na ile haikuwa dawa ya Mchina. Nawalaumu wenye dhamana ya sheria. Tanzania imekuwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu 2002, pamoja na Baraza linaloandikisha waganga. Sheria yetu ya Afya ya mwaka 2017 imeitambua tiba hiyo, ikaagiza kwamba Bunge lifanye sheria ya kuunda chombo cha kuisimamia. Agizo hilo si pambo. Lina maana kwamba anayenichoma sindano aonyeshe alikosomea, na kichupa kiandikwe kwa lugha isomwayo na mnywaji kilichomo na kiasi chake. Na lina maana kadhalika kwamba mundu mue, yaani mganga wa Kikamba, mwenye mizizi aliyoachiwa na nyanya yake, apimwe kwa mizani ile ile, asiheshimiwe kwa kuwa ni wetu wala asidharauliwe kwa kuwa hana maandishi mekundu. Huenda katika mfuko wake limo neno moja la kweli kama lile la Ge Hong. Taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI ina kituo kizima cha kuchunguza dawa za jadi, na lau mganga huyo angeulizwa kwa adabu, angejibu.

Imebaki pembe nyingine, ambayo haiumiki mtu.

Ukiingia lango la mbuga ya Tsavo Magharibi hapo Mtito Andei, utafika Ngulia, ambako tangu 1986 vifaru weusi wamezungushiwa ua wa nyaya na kulindwa na askari wenye bunduki. Mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru hao wapatao 20,000. Miaka ya 1980 ilipokuwa ikiisha walikuwa hawafiki 400. Insafu yanilazimu kusema kwamba sehemu kubwa ya pembe zile haikwenda China, bali ilikwenda Yemen kutengenezwa vipini vya majambia, na kwamba waliopiga risasi walikuwa watu wetu. Lakini nyingine zilisagwa zikauzwa kuwa dawa ya homa, ingawa pembe ya kifaru ni kitu kile kile kilicho katika kucha za msomaji. Serikali ya China iliipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1993 na kuiondoa pembe katika orodha ya dawa zake; mwaka 2018 ikatangaza kulegeza, na kelele za walimwengu zikaifanya iahirishe. Kila kelele ilistahili.

Kifaru, hata hivyo, ana askari. Punda hana.

Mwaitu mmoja, yaani mama kwa Kikamba, wa upande wa Nthongoni, mjane, ambaye wajukuu zake niliwafundisha, alikuwa na punda jike aliyempigia safari ya maji siku kwa siku: mitungi minne ya lita 20, miwili kila ubavu, kutoka mtoni hata nyumbani. Asubuhi moja akakuta kamba imekatwa. Walifuata nyayo na majirani mpaka kichakani, wakaongozwa mwishoni na ndege. Punda alikuwa amechunwa kutoka masikio hata kwato, na nyama yote imeachwa. Nilipokwenda kumpa pole alikuwa ameketi juu ya mtungi mtupu.

"Mwalimu," akaniambia, "mtu akiniibia ng'ombe amechukua mali yangu. Huyu amechukua miguu yangu."

Ngozi ile hutengenezwa ejiao. Huchemshwa mpaka ikawa ute, ute ukagandishwa kuwa vipande vyeusi, navyo huliwa ili kuongeza damu, kuondoa uchovu na kuufanya uso wa mwanamke ung'ae. Kwa asili yake ni ndugu wa ule ute ushikao midomo mtu anywapo supu ya kwato. Zamani ilikuwa dawa ya wachache. Wachina walipopata fedha ikawa ya wengi, na punda wao, waliokuwa milioni 11 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakapungua hata chini ya milioni tatu; ndipo macho yakageukia kwetu. Kenya ilikuwa imeruhusu kisheria mwaka 2012 punda achinjwe, na mara vikasimama viwanda vinne: Baringo, Naivasha, Turkana na Machakos, mlangoni petu. Kati ya 2016 na 2018 viwanda hivyo vilichinja punda zaidi ya laki tatu. Hesabu ya sensa ya 2009 ilikuwa punda karibu milioni 1.8, ya 2019 ikawa karibu milioni 1.2. Punda jike hubeba mimba mwaka mzima, akazaa mmoja; hafugiki kama kuku. Februari 2020 Waziri wa Kilimo, Peter Munya, aliipiga marufuku biashara hiyo, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaitengua amri yake.

Basi hapa sihitaji majaribio ya Wajerumani. Sindano ya mama yule wa Mombasa, ikiwa ni kweli au ni dhana, gharama yake niliilipa mimi mwenye mgongo. Ejiao, ikiwa inafaa au haifai, gharama yake imelipwa na mwanamke wa Nthongoni, ambaye hajapata kuiona wala hatang'aa uso kwayo, na ambaye kwa miezi minane alibeba maji kwa kichwa chake mwenyewe. Dawa ambayo afya ya mmoja hununuliwa kwa shingo ya mwingine haina haja ya kupelekwa maabara.

Februari 2024, mjini Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia kwa miaka kumi na mitano uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Serikali yetu imo katika umoja huo. Nawasihi wabunge wa Makueni na Kitui wasingoje kuulizwa. Wasimame Bungeni waulize neno hilo limetiwa katika sheria gani ya Kenya, kifungu cha ngapi, na nani atashitakiwa ngozi zikikamatwa katika lori hapa barabarani usiku.

Mwaitu alinunua punda mwingine mwaka jana, kwa fedha alizochangiwa na watoto wake. Hamfungi tena zizini. Humfunga kwa mnyororo na kufuli penye mlango wa chumba alalamo, na ufunguo huulaza chini ya mto.